Nyama Isiyohitaji Meno

Wanangu, kila mkija kwangu mnaniuliza ile nyama ya kuchambua inapikwa vipi, na mimi huwaambia njooni siku nyengine, leo nimechoka. Leo nimechoka vilevile, lakini magoti yamekataa kutoka nje, kwa hivyo kaeni. Nitakwambieni nyama yenyewe, na nitakwambieni ilivyokaribia kunitoa kazini. Khasa nyinyi mlioingia kwenye kazi ya jiko, wa hoteli, wa skuli, wa kupikia maharusi, tegeni masikio. Kiswahili changu ni cha Unguja ya zamani. Neno likikupiteni, nisimamisheni.

Nianze na lile linaloshtua watu. Nyama hii asili yake ni nguruwe. Ndiyo, nimesema. Huko Meksiko, ambako mimi sijafika wala sitafika, watu huipika kwa nguruwe. Wewe, funga mdomo, nzi wataingia. Mimi sijapata kumgusa mnyama huyo, na sufuria zangu hazijapata kumuona. Ninayokufundisheni ni ya mbuzi. Lakini asili yake nakutajieni mwanzo kabisa, kabla ya kitunguu, na tukifika mbele mtajua kwa nini.

Nilifanya kazi katika jiko la hospitali moja huku Sharqiya, mashariki ya Oman, miaka mingi, mpaka nikastaafu. Tulikuja Oman mwanzo wa miaka ya sabini, mimi na mume wangu Said, tukakaa Al Qabil kwa jamaa zake, nyumba ya udongo pembeni mwa mashamba ya mitende. Said alipata kazi ya udereva kwa mainjinia waliokuwa wakichimba visima vya maji. Mimi nilikaa nyumbani nikipika na kulia. Nililia kwa sababu Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea msahafu, hakikutosha kuombea chumvi kwa jirani. Majirani waliniita Zinjibariya, mwanamke wa Zanzibar. Hawakulisema kwa ubaya, lakini hawakulisema kwa uzuri pia.

Hospitali ilipotaka mpishi mwanamke, nikaenda. Mkuu wa jiko alikuwa Mhindi wa Kerala, jina lake Mathai, mtu mfupi aliyevaa saa mbili, moja kila mkono, kwa sababu hakuiamini hata moja. Akanihoji kwa Kiingereza chake, nikamjibu kwa changu cha skuli ya Unguja.

"Umewahi kupikia watu wangapi?"

"Harusi ya watu mia tatu."

"Wagonjwa wangapi?"

"Hata mmoja."

"Basi kupika hujaanza bado."

Wiki nzima hakuniruhusu kushika mwiko. Alinisimamisha mlangoni, pale mikokoteni ya sahani inaporudi kutoka wodini, nitazame. "Chakula kinachotoka jikoni hakikwambii kitu," alisema. "Tazama kinachorudi." Nikatazama. Wanawake walirudisha karoti. Waliojifungua walirudisha kila kitu, kwa sababu mama zao walikuwa wakiwaingizia supu chini ya abaya. Na mgonjwa aliyezidiwa khasa hurudisha sahani iliyovurugwavurugwa kwa kijiko, kama mtoto anayejifanya amekula. Hiyo ndiyo ya kuiogopa. Mpaka leo nikialikwa kwenye harusi, siwatazami maharusi, natazama sahani.

Siku ya kwanza niliporuhusiwa kupika, nikataka kuonyesha ufundi. Nikawapikia wali wa nazi, nazi ya kopo, Said kaitafuta mpaka Maskati. Sahani zote zikarudi zimejaa. Bibi mmoja alimwita nesi akamwambia mchele umeoshwa kwa sabuni na sabuni haikutoka. Mathai hakunigombeza. Alinipa kijiko akasema, "Kula wewe." Nikala sahani tatu, huku nalia, na huku nauona mtamu.

Sasa nije kwa Bibi Moza.

Aliletwa mwanzo wa miaka ya themanini, mwanamke wa kibedui kutoka kule kwenye mchanga wa Bidiya. Pikapu ya mwanawe ilipinduka wakivuka wadi, yaani bonde la mto mkavu, nyonga yake ikavunjika. Alipasuliwa, akatiwa chuma. Alikuwa mtu mzima sana, hana jino hata moja, mwili mkavu, macho makali. Kwa mgonjwa asiye na meno sisi tulikuwa na utaratibu mmoja tu: nyama, wali na mboga vinatiwa pamoja kwenye mashine, vinasagwa, vinatoka rangi moja ya udongo. Nesi akampelekea. Bibi Moza akachovya kidole, akanusa, akaisukuma sahani mpaka ikaanguka chini.

"Hichi," alisema, "kimeshaliwa na mtu mwengine."

Ikawa hivyo siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikunywa kahawa, akanywa maziwa kidogo, akala tende mbili za kupondwa, basi. Alitaka nyama, na nyama anayoiona kwa macho kuwa ni nyama. Mwanawe, Hamed, mtu mrefu mwenye sauti nzito, aliingia jikoni kwetu bila ya hodi akasema anamchukua mama yake nyumbani. Daktari, ambaye alikuwa Mmisri, akamfuata mbiombio.

"Ukimtoa kabla kidonda hakijafunga," daktari alimwambia mbele yetu sote, "utamrudisha kimeoza, au hutamrudisha. Dawa anazo. Anachohitaji ni kula. Chochote atakachokubali kula, na ale."

Hamed akatugeukia sisi wapishi. Ilikuwa Jumatatu. "Nakupeni mpaka Alkhamis," alisema, akatoka.

Mathai akatazama saa zake zote mbili. Mimi nikasema, "Mister Mathai, niachie mimi. Ipo nyama isiyohitaji meno."

Nirudi nyuma kidogo, nikwambieni niliitoa wapi.

Mmoja wa wale mainjinia wa visima alikuwa na mke wa Kimeksiko, anaitwa Elena. Mwanamke mnene, mcheshi, akikaa kambini kutwa peke yake ndani ya nyumba ya bati. Said alinihadithia kuwa mama yule amefika pahala anazungumza na paka. Nikamwambia, mlete. Akaja, akakaa sakafuni jikoni kwangu, akaanza kunimenyea vitunguu kabla sijamwambia. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu, na tukaelewana vizuri mno, kwa sababu hakuna aliyemuonea haya mwenzake.

Siku moja akasema leo atanipikia chakula cha mama yake. Nikamuuliza, nyama gani? Akataja kwa lugha ya kwao, sikuelewa. Akainua pua kwa kidole, akakoroma. Upawa ukaniponyoka.

"Astaghfirullah! Humu ndani hapana, Elena!"

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Najua, najua," alisema. "Ndiyo nakuuliza, hapa kwako kuna nini?"

Kulikuwa na bega la mbuzi. Basi chukueni karatasi, maana hapa ndipo mnapopataka.

Bega, si paja. Paja halina mafuta ndani, litakukaukia. Katakata vipande vikubwa vya ngumi, na mifupa yake. Mbuzi wetu hana mafuta ya nguruwe, kwa hivyo tia mafuta ya mkia wa kondoo, kipande cha kiganja, ukikatekate. Chumvi mwanzo, si mwisho. Kichwa kizima cha kitunguu thomu, kimepasuliwa katikati, maganda yake usitoe. Kijiti cha mdalasini, na yale majani makavu Wahindi wanayotia kwenye biriani. Chungwa moja, likamue humo na ganda lake litumbukize. Maji yafunike nyama, yasizidi. Halafu usifunike sufuria.

Sasa moto. Moto ndio kazi yote. Maji yakishachemka mara moja, teremsha mpaka povu lije moja moja, hili limepasuka, ndipo lile linainuka. Ukiona sufuria inatokota, umeshaharibu. Nyama ikichemshwa kwa haraka inakunja mwili, na ikishajikunja haikunjuki. Utakaa saa mbili, tatu. Maji yatakwisha yenyewe, yatabaki mafuta, na nyama itaanza kujikaanga kwa mafuta yake. Hapo usiondoke hata ukiitwa na nani. Igeuze taratibu mpaka ipate rangi ya tende. Epua, ngojea ipoe kidogo, kisha chambua kwa vidole, kama unavyochambua pamba. Elena aliifunga kwenye chapati zangu, na kitunguu kilichokatwa kilichokamuliwa ndimu, na kotmiri. Said alikula sita, akauliza kama zimebaki.

Lakini msidhani niliiweza siku ile. Elena aliweza, mimi nilitazama tu. Nilipopika mwenyewe mara ya kwanza niliona uvivu kungoja, nikapandisha moto, ikatoka nyuzi kavu kama kamba ya katani. Mara ya pili sikuwa na chungwa, nikatia ndimu kavu nne, zile nyeusi, ikawa chungu hata paka wa Elena aliinusa akatupa mgongo. Mara ya tatu niliifunika sufuria, ikapikika vizuri lakini haikupata rangi, imepauka kama chakula cha wodini. Mara ya nne nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya jiko, nikajiambia leo sinyanyuki. Ikakubali.

Hiyo ndiyo niliyompikia Bibi Moza ile Jumanne. Nikaongeza jambo moja ambalo Elena hakunifundisha, na nyinyi wa hospitali liandikeni kwa wino: kwa mtu asiye na meno, ukishachambua, kata nyuzi kwa kisu ziwe fupi, ukucha wa kidole kidogo. Uzi mrefu humkaba mgonjwa kooni. Halafu ilowanishe kwa supu kidogo iteleze. Nikaipeleka mwenyewe, juu ya rakhali, ule mkate wetu mwembamba kama karatasi, nimeuloweka ukalainika.

Bibi Moza akaitazama. Akachukua nyuzi mbili, akazipandisha kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ni nyama," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nani kaipika?"

"Mimi."

"Wewe Zinjibariya?"

"Mimi."

Akala. Polepole, kwa ufizi, macho yamefumba. Akamaliza, akafuta sahani kwa kipande cha mkate. Nilirudi jikoni mbio nikamuonyesha Mathai sahani ile tupu, naye akaishika kwa mikono miwili, akaigeuza chini juu, kana kwamba nyama huenda imejificha nyuma.

Siku tano alikula vizuri. Hamed alikuja Alkhamis, akamkuta mama yake anamgombeza nesi kwa nguvu, akajua kuwa anapona. Wagonjwa wengine wakaomba na wao, Mathai akaruhusu, tukawa tunapika sufuria mbili.

Halafu mimi nikaharibu, kwa mdomo wangu mwenyewe. Tulikuwa tunaosha vyombo, mimi na mwenzangu anaitwa Sheikha, mtu mwema, hana baya. Akaniuliza, nyama hii umejifunza wapi? Ningesema kwa rafiki, ingetosha. Lakini nilikuwa nimeshapata kiburi. Nikamhadithia Meksiko, nikamhadithia nguruwe, nikainua na pua kwa kidole nikakoroma, tukacheka mpaka machozi. Sheikha akamhadithia dada yake. Dada yake akahadithia kisimani kwao. Hadithi ilipofika sokoni, mbuzi alikuwa ameshatoka, amebaki nguruwe peke yake.

Jumapili mchana mikokoteni ikarudi. Nilikuwa mlangoni. Sahani zote zimejaa, hazikuguswa, nyengine zimefunikwa kwa karatasi juu, kama mtu anavyofunika kitu kichafu asikione. Sijapata kuona hivyo, wala baadaye sikuona tena. Sikuhitaji kuambiwa.

Hamed alikuja nyuma ya mikokoteni. Safari hii hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Umemlisha mama yangu khanziri?"

"La, wallahi. Ni mbuzi, kutoka kwa mchinjaji yule yule anayeleta nyama ya hospitali."

"Umesema au hukusema kuwa chakula hichi ni cha nguruwe?"

Nikainamisha kichwa. Kwa sababu nilisema.

Mkurugenzi wa hospitali akaniita ofisini. Alikuwa muungwana, alinipa kiti. Aliniambia nikae nyumbani mpaka jambo litulie, na hakuniambia litatulia lini. Nilipokuwa natoka Mathai alinivuta pembeni. "Sema ni kari ya kwetu Kerala," alininong'oneza. "Sema ulitania. Mimi nitakuunga mkono. Uongo mdogo, wiki ijayo umerudi."

Alikuwa ananitakia mema. Lakini nilifikiri, leo nikisema ni kari ya Kerala, kesho watasema kwanza alisema nguruwe, sasa anasema Kerala, kesho kutwa atasema nini? Tena wangekuwa na haki.

Nyumbani Said aliniambia, "Tulia, Zuwena. Watu watasahau." Elena alikuja na macho mekundu, anataka kwenda hospitali mwenyewe akawaeleze. Nikamwambia, "Wewe ukitia mguu pale ndiyo nimekwisha." Usiku nililala vizuri, mkitaka kujua. Nilikuwa nimeshaamua. Kilichoniuma hakikuwa kazi peke yake. Kuna mwanamke kitandani aliyeanza kula, na sasa amekatazwa, na kidonda chake kiko wazi, na sababu ni mimi.

Asubuhi nikavaa abaya yangu nzuri, nikapanda teksi mpaka hospitali. Hamed alikuwa uani, amekaa na wanaume wa jamaa zake kwenye kivuli cha ukuta. Nikasimama mbele yao. Kiarabu changu kilitetemeka, lakini nilikisukuma.

"Hamed," nilisema, "chakula kile asili yake huko kilikotoka ni nguruwe. Hilo kweli, nimelisema, na leo nalisema tena mbele yenu. Nilichompa mama yako ni mbuzi. Hilo pia kweli. Huniamini, na mimi singekulaumu. Basi lete mbuzi wako mwenyewe, kutoka zizini kwako. Chinja kwa mkono wako. Lete na sufuria ya nyumbani kwako. Mimi nitapika hapa uani, mchana, mbele ya kila mtu, na wewe utasimama kichwani kwangu mpaka niepue. Ukiona kitu usichokijua, mwaga."

Mzee mmoja akasema, "Mwanamke huyu ana uso mgumu."

Hamed akasema, "Kesho."

Mkurugenzi alikubali, nafikiri kwa kuwa alichoka na watu mlangoni kwake. Siku ya pili nilikuja na machungwa, thomu, mdalasini na mafuta ya mkia, nikavipanga juu ya mkeka kimoja kimoja. Nikatia mafiga matatu nyuma ya jiko, na kuni. Watu wakakusanyika: jamaa za wagonjwa, walinzi, manesi waliojifanya wanapita. Sheikha alisimama nyuma kabisa, analia ndani ya mtandio wake.

Hamed akashusha mbuzi kwenye pikapu, na mimi roho ikaniruka. Alileta beberu. Beberu mzee, pembe zimepinda mara mbili, nadhani ameizidi ndoa yangu kwa umri. Sijui kama alifanya makusudi; sikumuuliza wala hakupata kuniambia. Alichinja, akachuna, akanipa mabega mawili. Nyama nyekundu, ngumu, ina harufu yake.

Nikaanza. Kila nilichoshika alikinusa kwanza. Alilinusa chungwa. Alimega thomu akaitafuna. Sufuria ilikuwa yake, maji aliyateka mwenyewe. Ikachemka, nikachomoa kuni mbili, povu likaja moja moja, nikakaa.

Ikapita saa moja. Saa mbili. Saa ya tatu nikachoma kwa uma, uma ukagoma. Watu wakaanza kunong'onezana. Maji yalikaribia kukauka, nikaomba mengine, Hamed akaleta.

"Ongeza moto," alisema.

"Siongezi."

"Mama yangu ana njaa."

"Mama yako hana meno. Ukitaka nyama ya haraka, mpe mwenye meno."

Mmoja wa jamaa zake alicheka, akaziba mdomo kwa mkono. Mathai alikuja akasimama kando yangu, akatazama saa ya kushoto, akatazama ya kulia. Jasho lilikuwa linanitoka chini ya mtandio, moshi umenijaa machoni, na mkono wangu, wanangu, mkono huu hapa, ulikuwa unawaka kwa kutaka kusukuma ukuni mmoja tu ndani. Mmoja tu. Nikaukalia. Kweli, niliukalia mkono wangu.

Saa ya tano uma ukaingia wenyewe. Maji yakaisha, mafuta yakaanza kuzungumza, nyama ikageuka rangi ya tende, na harufu ikatoka uani ikapita madirisha ya wodi. Niliona vichwa vinatokeza. Nikaepua, nikangojea ipoe, halafu nikamwambia Hamed, "Nawa mikono. Utachambua wewe."

Alichuchumaa. Vidole vyake vikubwa, vya kufungia ngamia, vikaanza kuvuta nyama ya beberu yule, na ilikuwa inakuja nyuzi nyuzi bila ya kuvutwa. Akasita. Akasema bismillahi, akatia kinywani. Akatafuna, akameza, akatia nyengine. Halafu akachukua kisu changu akazikata nyuzi fupi fupi, kama nilivyomuonyesha, akabeba sahani mwenyewe kwenda wodini, na sisi wanawake nyuma yake.

"Mama," alisema, "kula. Nimechinja mwenyewe, nimesimama mwenyewe."

Bibi Moza akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Umeniweka na njaa siku mbili kwa hili?" alisema. "Mimi namla mbuzi tangu kabla baba yako hajaniona. Ulidhani ulimi wangu haumjui mbuzi? Mbona hukuniuliza mimi?"

Hamed akaiweka sahani mapajani mwa mama yake. Katika makelele yote yale, hakuna hata mtu mmoja aliyekwenda kumuuliza mwenye kula.

Nikarudishwa kazini kesho yake. Sitakudanganyeni kuwa wote waliridhika. Kuna jamaa wawili watatu ambao mpaka nastaafu walileta chakula kutoka kwao, na nilipopita waligeuza uso. Niliwaacha. Mathai alipoandika karatasi ya mlo wa wiki aliniuliza nyama hii aiandike jina gani, nikamwambia aandike "nyama ya mbuzi ya kuchambua, kwa mapishi ya Meksiko," na kila aliyeuliza Meksiko wanaipika kwa nini nilimjibu. Wengi walicheka, wakala.

Kidonda cha Bibi Moza kikafunga. Ikabaki kutembea, na hapo akatuletea mtihani mwengine. Walimletea gongo la chuma la miguu minne, wakamshika huku na huku, akakaa kitandani kama mlima. "Nitembee niende wapi?" alisema. "Choo kipo hapa, kitanda kipo hapa." Daktari alimbembeleza, Hamed alimbembeleza, wapi. Wiki mbili.

Siku moja mtungi wa gesi uliisha katikati ya kazi, na mtungi wa akiba ulikuwa mtupu. Tukahangaika. Saa sita ya mchana ikapita, saa saba ikapita, nyama bado iko kwenye sufuria inajikaanga kwenye stovu ya mafuta ya taa tuliyoiazima kwa walinzi. Mathai anazunguka. Mimi nimekaa mbele ya stovu, sinyanyuki.

Nikasikia ukumbini ko, ko, ko. Pahala panakaa kimya, kisha tena, ko, ko. Na sauti ya nesi kwa nyuma, "Mama, subiri! Mama, utaanguka!"

Mlango ukasukumwa kwa miguu ya gongo. Bibi Moza akasimama pale, peke yake, kanzu imepinda, barakoa yake ya kibedui imemwendea upande, anahema kama aliyevuka jangwa. Wodi yake ilikuwa mwisho wa hospitali. Alikuwa amepita ukumbi mzima.

"Chakula kiko wapi?" alisema.

Mathai ametoa macho. Nesi ameshika kifua. Mimi nikamvutia gunia la mchele, akakaa taratibu, akaliweka gongo kando, akaichungulia sufuria.

"Imeiva?"

"Bado kidogo, mama."

"Basi nipe maji ninawe," alisema Bibi Moza, akaanza kukunja mikono ya kanzu yake. "Leo nachambua mimi."